Nyota Ambayo Haikupita

Kuna sentensi moja inayonikera kuliko zote: "Hiyo ni nadharia tu." Mtu akitajiwa umri wa Dunia, chanzo cha Mwezi, au jinsi sayari zilivyotokea, ndilo jibu analolitoa. Sumu yote imo katika hilo neno "tu". Anachokisema ni kwamba nadharia ni maoni, na maoni kila mtu anayo, basi tuyaache hayo tunywe chai.

Watu hawazaliwi na sentensi hiyo, wanafundishwa. Chukua mfano wa Kenya. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa jiografia wa kidato cha kwanza alifundishwa nadharia mbili za chanzo cha mfumo wa jua: ile ya nyota iliyopita karibu na Jua, na ile ya wingu la gesi na vumbi. Hii inasema hivi, ile inasema vile. Kasoro za hii ni hizi, kasoro za ile ni zile. Kariri, andika kwenye mtihani, pata alama, sahau. Nani alimwambia mtoto huyo kwamba moja kati ya hizo mbili ilikwisha kufa kabla babu yake hajaoa? Mimi nasema huko si kufundisha sayansi. Ni kumlaza maiti na aliye hai kitanda kimoja, kisha kumwambia mtoto achague.

Tuanze na marehemu. Wazo kwamba kitu kilitoka nje kikalijeruhi Jua ni la zamani: mwaka 1749 Mfaransa Buffon alidai kuwa ni kometi iliyoligonga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani Chamberlin na Moulton, kisha Waingereza Jeans na Jeffreys, wakaiweka nyota mahali pa kometi. Nyota ikapita jirani, ikalivuta Jua kama Mwezi unavyoyavuta maji ya bahari yakajaa. Ulimi wa gesi ukachomoka, ukakatikakatika, vipande vikapoa vikawa sayari. Hata ukubwa wa Mshtarii na Zohali ulipata maelezo: ulimi ulikuwa mnene katikati, mwembamba nchani. Simulizi tamu, haina ubishi.

Kisha zikaja hesabu. Mwaka 1935 Henry Norris Russell alionyesha kwamba gesi iliyochomolewa kwenye Jua isingepata msukumo wa kuzunguka mbali kama sayari kubwa zinavyozunguka. Mwaka 1939 Lyman Spitzer akamalizia: gesi iliyotoka ndani ya Jua ingekuwa na joto kali mno, ingetawanyika angani kabla haijapata nafasi ya kupoa na kushikamana. Matanga yakaanuliwa. Na kuna ushahidi uliokuja baadaye. Nyota ziko mbalimbali mno hata kukaribiana kwa namna hiyo ni ajali adimu sana, kwa hiyo kama nyota ndiyo mzazi, sayari zingekuwa adimu vilevile. Lakini tangu mwaka 1995, ilipotangazwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na Jua letu, zimethibitishwa zaidi ya sayari 5,000 nje ya mfumo wetu. Ajali gani hiyo ya kila mtaa?

Sasa wingu. Kant aliliandika mwaka 1755, Laplace akalieleza kwa namna yake mwaka 1796. Wingu kubwa linanywea kwa uzito wake lenyewe, kadiri linavyonywea linazunguka kwa kasi zaidi, linalala bapa kama chapati. Katikati linazaliwa Jua, kwenye chapati zinazaliwa sayari. Ndiyo maana sayari zote zinalizunguka Jua kwa upande mmoja na karibu kwenye bapa moja.

Msidhani nalibeba wingu kwa mapenzi. Wingu nalo lilishindwa vibaya. Jua lina zaidi ya asilimia 99 ya maada yote ya mfumo huu, lakini nguvu ya mzunguko karibu yote imo kwenye sayari. Kama Jua lilinywea kutoka kwenye wingu lililokuwa likizunguka, mbona linajizungusha polepole hivyo, mara moja kwa takriban siku 25? Swali hilo ndilo lililolitoa wingu uwanjani na kuipa nyota nafasi yake. Wingu lilirudi baada ya kulijibu: Jua changa lilipunguziwa kasi na uga wake wa sumaku, ulioshikana na gesi iliyolizunguka, na upepo wa Jua ukaendelea kuubeba mzunguko kuupeleka mbali. Mwaka 1969 Viktor Safronov, huko Moscow, akachapisha kitabu kilichokokotoa jinsi vumbi linavyokuwa mawe, na mawe yanavyogongana na kukusanyana hadi yakawa sayari.

Halafu kuna vitu vya kushika kwa mkono. Nenda Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania. Pale kuna kimondo, donge la chuma na nikeli lenye uzito unaozidi tani 10. Watu wanapiga nacho picha wanaondoka. Lakini vimondo vingi vya chuma ni mabaki ya viini vya sayari changa: gimba liliyeyuka, chuma kikazama katikati kwa uzito wake, kisha gimba likagongwa likavunjika. Mwaka 1956 Clair Patterson alipima madini ya risasi ndani ya vimondo, kimojawapo cha chuma kutoka Arizona. Sehemu ya risasi hiyo hutokana na urani inayooza kwa kasi inayojulikana. Akapata umri wa miaka bilioni 4.55 kwa vimondo na kwa Dunia pia. Na mwaka 2014 darubini za ALMA, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 450. Ile chapati ya Kant inaonekana pale, ina mikanda inayong'aa na mifereji ya giza, ambayo wanaastronomia wengi wanaisoma kama alama za sayari zinazojijenga.

Najua nitajibiwa: "Lakini wingu bado lina kasoro." Linazo, na mimi ninazitaja. Haijakubalika bado kwa pamoja jinsi kokoto zinavyovuka ukubwa wa takriban mita moja bila kuvunjika au kuvutwa na kumezwa na Jua. Zimeonekana pia sayari kubwa kama Mshtarii zikiwa zimeikumbatia nyota yake, jambo ambalo wachache walilitarajia. Ila kuna tofauti kati ya nyumba ambayo dirisha moja halijatiwa kioo na nyumba iliyoanguka. Kitabu kinachoziandika zote mbili chini ya kichwa "kasoro" kinadanganya kwa mpangilio, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Wengine watasema historia ifundishwe. Naam, ifundishwe! Lakini historia ina tarehe, ina majina, ina aliyeshinda na aliyeshindwa na kwa sababu gani. Orodha isiyo na mwaka hata mmoja si historia.

Na kwa nini nayaleta haya hapa kwa wapenzi wa fasihi? Kwa sababu nasi tuna mkono katika kosa hili. Katika uhakiki tumezoea nadharia kama miwani. Leo unaisoma riwaya kwa umaksi, kesho kwa ufeministi, keshokutwa kwa umuundo, na hakuna miwani inayoivunja nyingine. Hilo ni sawa kwa riwaya, maana riwaya ina vyumba vingi. Lakini Dunia ilitokea mara moja, kwa namna moja. Ama nyota ilipita ikatuzaa, ama haikupita. Tunapoichukua tabia yetu ya miwani na kuipeleka huko, tukasema "kila nadharia ina ukweli wake", tunajiona wenye adabu, kumbe tumemfungulia mlango yule bwana wa "nadharia tu".

Neno lenyewe lingetosha kutusuta. Nadharia limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kutazama. Patterson alitazama ndani ya chuma, Spitzer alitazama hesabu, ALMA inatazama angani. Mwanafunzi naye ana macho. Aandikiwe basi, kwa herufi zilezile alizoandikiwa kasoro: nadharia ya nyota iliangushwa miaka ya 1930, na hizi hapa hesabu zilizoiangusha. Kisha aulizwe kwenye mtihani: zilijuaje?