Kanda inayofutwa haitunzi ushahidi wetu

Leo natoa maoni yangu juu ya kitu ambacho wengi hawajakiona: kanda ya sumaku ambayo mabenki, mahakama na ofisi kubwa huwekea nakala za akiba za kompyuta. Kanda hiyo huandikwa, hufutwa, huandikwa tena. Je, inadumu muda gani? Swali hili linagusa haki ya watu waliopoteza nyumba na jamaa zao.

Tuanze na jibu la viwanda. Kanda za aina ya LTO, zilizoingia sokoni mwaka 2000, husemwa kuwa zinaweza kutunza maandishi hadi miaka 30. Lakini kuna masharti: joto la digrii 16 hadi 25, na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50. Hapa kwetu, Aruwimi inapoingia katika mto Kongo, hata chumvi mezani inalowa. Unyevu huharibu gundi inayoshika unga wa sumaku juu ya plastiki. Kanda nyingi za sauti za miaka ya 1970 na 1980 zimeharibika hivyo: zinanata ndani ya mashine, na unga unabanduka pamoja na sauti.

Kuna pia umri wa kazi. Kanda ya LTO hukadiriwa kujazwa yote takribani mara 200. Anayeijaza mara moja kwa wiki ana karibu miaka minne. Anayeijaza kila siku ana miezi saba hivi. Halafu kuna umri wa mashine: mashine ya LTO-8, iliyotoka mwaka 2017, haisomi kanda ya LTO-5 ya mwaka 2010, hata kama kanda hiyo ni nzima kabisa.

Lakini mimi nasema adui mkubwa wa kanda ni mkono wa mtu anayetafuta nafasi. Mwaka 2009 shirika la Marekani la anga, NASA, lilikiri kwamba kanda za awali zilizopokea picha za watu wa kwanza kutembea mwezini, Julai 1969, huenda zilifutwa na kutumiwa tena kwa kazi nyingine, kwa sababu kanda zilikuwa haba. Picha tunazoziona leo zinatokana na nakala za televisheni. Kama matajiri wale walifuta safari ya mwezini, sisi wenye kompyuta moja na flashi mbili tutafuta nini?

Wakaaji wa Kisangani wanajua bei ya ushahidi uliopotea. Mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, na mamia ya raia wakafa. Kongo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, ikadai zaidi ya dola miliardi 11 kwa maovu yote ya vita ile. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamua Uganda ilipe dola milioni 325. Majaji walieleza tena na tena kwamba ushahidi walioletewa haukutosha kuhesabu kila hasara, ndiyo maana walikadiria kwa jumla. Sisemi ushahidi kamili ungeleta miliardi zote. Nasema kwamba uchungu usio na alama ya kuuthibitisha haupimwi mahakamani.

Upande wa pili, tazama Arusha. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa juu ya Rwanda iliwahukumu viongozi wa redio RTLM, na kaseti zilizorekodi matangazo yao zilikuwa sehemu ya ushahidi. Kaseti hizo zilikuwa za kawaida, lakini zilibaki bila kufutwa hadi siku ya hukumu.

Sasa tufikirie Lubunga. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umetoa familia nyingi nyumbani mwao. Anayekimbia habebi karatasi zote. Mara nyingi kinachobaki ni maneno yake mwenyewe, yaliyorekodiwa na redio au na shirika la kiraia. Kama rekodi ile inafutwa baada ya wiki ili kutoa nafasi kwa matangazo ya mpira, tumemfukuza mtu yule mara ya pili.

Najua mtaniambia: pesa iko wapi? Mashine ya kanda inagharimu maelfu ya dola. Kweli. Basi tuige mazoea ya wenye kanda bila kununua mashine yao. Wao wana kanda ya siku, ya wiki na ya mwezi, hizo zinazungushwa na kufutwa. Lakini ya mwaka inawekwa kando, haiguswi. Sisi tufanye hivyo kwa diski: nakala tatu, moja iwe mbali na nyumba ya redio, Kisangani kwa mfano. Diski ifungwe katika chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Kila mwaka ifunguliwe, isikilizwe, na kila baada ya miaka minne au mitano ihamishiwe katika diski mpya.

Na majina ya wanaosema yatunzwe kwa siri, kwa ruhusa yao. Ushahidi unaotangazwa ovyo unaweza kumrudishia mtu hatari mlangoni.

Ninyi wahami, mkihojiwa, ulizeni: sauti yangu itawekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuifuta? Nasi wa redio, kabla ya kuandika upya juu ya diski yoyote, tuwe na jibu la kuwapa.