Baada ya Daraja la Kigongo–Busisi, Macho Yaelekezwe kwenye Vigeuzi vya Umeme

Uzinduzi wa Daraja la J.P. Magufuli, uliofanywa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni, 2025, ulihitimisha miaka mingi ya wananchi kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Daraja hilo lenye urefu wa takriban kilomita 3 limerahisisha safari ya Mwanza kwenda Geita. Swali linalofuata ni nishati itakayoendesha vyombo vinavyolipita.

Bajaji ya umeme inaweza kuchajiwa usiku nyumbani. Gari la abiria lililoko safarini haliwezi kusubiri hivyo. Gridi husambaza umeme wa mkondo geu, ilhali betri hupokea mkondo mnyoofu pekee. Kifaa kinachobadili umeme huo ni kigeuzi. Kigeuzi kilichomo ndani ya gari huwa kidogo ili kupunguza uzito. Chenye uwezo wa kilowati 7 huhitaji saa 6 kuingiza asilimia 70 ya betri ya kilowati-saa 60. Kigeuzi cha kituoni cha kilowati 50 huifanya kazi hiyo kwa takriban dakika 50.

Kigeuzi hicho hufanya kazi kwa hatua mbili: hunyoosha mkondo, kisha hupanga volti kulingana na hali ya betri, na hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa ili isipate joto kupita kiasi.

Changamoto ipo kwenye njia ya mwisho ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini vigeuzi vinne vya kilowati 50 vikiwaka pamoja huhitaji zaidi ya kilowati 200, mzigo usioweza kubebwa na transfoma ya kijiji ya kilovoti-ampea 100. Vikiunganishwa hapo, umeme wa nyumba, zahanati na mashine za kusaga za jirani utafifia au kukatika.

Hivyo, kituo cha aina hiyo Busisi kitahitaji transfoma yake, vigeuzi vinavyokidhi viwango, na ikiwezekana betri za akiba zinazojazwa usiku matumizi yanapopungua. Mwekezaji anayekusudia kujenga kituo anapaswa kuanzia TANESCO kwa tathmini ya mzigo kabla ya kuagiza mitambo, ili manufaa ya msafiri yasigeuke kuwa giza kwa mkazi.