Chunya Kabla ya Meli

Kusini kabisa mwa Argentina upo mji wa bandari uitwao Ushuaia. Wasafiri waendao kwenye barafu ya Antaktika hupandia meli hapo, na kwanza huutembelea mji. Gereza lake, lililofungwa mwaka 1947, sasa ni makumbusho. Wafanyakazi wetu wanaoshuka treni ya TAZARA Mbeya ili kwenda Kyela kupanda meli ya Ziwa Nyasa hawana desturi hiyo. Meli haiondoki kila siku, nao hukaa na mizigo yao wakihesabu saa.

Ndugu msomaji, siku hizo zitumie kwenda Chunya. Najua iko kaskazini na Kyela iko kusini, lakini kutoka Mbeya ni kiasi cha kilomita 70 tu, tena za lami. Barabara hupanda milimani mpaka baridi ikaumiza masikio, kisha ikateremka kwenye joto la miombo. Huko juu watoto na waoneshwe bonde la Usangu.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922. Katika miaka ya 1930 Wazungu walimiminika huku, na vibarua wetu ndio waliochimba. Hata mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Wachimbaji wadogo wangali kazini, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko rasmi la dhahabu.

Hapa nataka kusema na wazazi hasa. Mchimbaji huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, nayo huzinasa chembe za dhahabu zikawa donge. Donge likichomwa, zebaki hutoka kuwa mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba tumboni. Wako wanaochomea jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali! Mwenyeji wako akitaka kukuonesha, mwombe kwa adabu akachomee nje, mbali na nyumba, katika chombo kilichofunikwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Na lile tone linalong'aa kama fedha mtoto asipewe kuchezea, hata akililia.

Kisha rudini Mbeya, mshike njia ya Tukuyu na Kyela. Sweta mlizovaa mlimani ziwekeni chini ya mzigo. Kyela ni joto, na kinachohitajika melini ni mkeka, maji ya kunywa na chakula cha watoto.