SHIRIKA LA NDEGE HALIFI SIKU MOJA

Tarehe 9 Aprili 2012, katika uwanja wa Kigoma, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania aina ya Dash 8 ilishindwa kuruka, ikatoka nje ya njia yake na ikaharibika kiasi cha kutofaa tena kwa kazi. Watu wote 39 waliokuwamo walisalimika, na kwa hilo twamshukuru Mwenyezi Mungu. Ndege hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo kubwa la shirika katika safari za ndani. Mtu aliyeiona imelala pale angeweza kusema kwamba shirika limefia Kigoma. Sisi twasema sivyo. Shirika lilianza kufa zamani, katika maofisi ya Dar es Salaam. Kigoma ndipo palipoonekana maiti.

Huenda mwanachama wetu wa Wete au wa Makunduchi akauliza: Jee, mambo ya Kigoma yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Jawabu ni kuwa yatuhusu sana. Mtu wa Mwandiga, pale penye njia panda ya kwendea Kasulu na Manyovu, yuko mwisho wa nchi upande wa ziwa, kama sisi tulivyo mwisho wa nchi upande wa bahari. Akiwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam, mbele yake ana safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Gari la moshi la Reli ya Kati, iliyofika Kigoma tangu 1914, humchukua kiasi cha siku mbili pindi mambo yakenda sawa. Naye Mpemba mbele yake ana bahari, na Septemba 2011 bahari hiyo ilituchukulia jamaa zetu kwa mamia katika meli ya Spice Islander. Kwao na kwetu ndege ni njia ya kupitishia wagonjwa, wanafunzi na wafanya biashara, japokuwa nauli yake huwashinda wengi. Tena usafiri wa anga umo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hivyo khasara yake ni khasara yetu, tukipenda tusipende.

Wala msiba huu si wa kwanza. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianza kazi Januari 1946 kwa mtaji wa serikali nne. Kenya ilikuwa na sehemu 67.7 kwa mia, Uganda 22.6, Tanganyika 9, na Zanzibar 0.7. Hisa yetu haikufika moja katika mia, lakini tulikuwamo na jina letu liliandikwa. Shirika lile lilikua mpaka likarusha ndege za Comet na Super VC10 hadi London. Lakini makao yake makuu, karakana zake na ndege zake nyingi zilikuwa Nairobi. Serikali tatu zilipoanza kugombana, huyu alisema fedha za mauzo hazipelekwi makao makuu, yule akasema kazi na faida zote zimebaki Nairobi. Na juu ya hayo pakawa na ugomvi wa njia fupi za ndani, zenye abiria wachache, nani azibebe. Mapema 1977 shirika likafa. Kenya ikaunda lake, na Tanzania ikaunda lake mwezi wa Machi mwaka huo huo. Mali ya Jumuiya haikupata mkataba wa kugawanywa mpaka Mei 1984: Kenya 42 kwa mia, Tanzania 32, Uganda 26. Jina la Zanzibar halikuwamo tena. Ile hisa yetu ndogo ya 1946 imo wapi katika hizo 32? Swali hilo twaliuliza kwa adabu, na tutazidi kuliuliza.

Shirika la Tanzania lililozaliwa katika ugomvi ule lilibeba nchi nzima kwa mtaji mdogo. Disemba 2002 Serikali iliuza sehemu 49 kwa mia kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, kwa dola milioni 20 za Kimarekani. Mwaka 2006 ndoa hiyo ilivunjika, na Serikali ikazinunua tena hisa zile kwa dola milioni moja. Mwaka uliofuata ikakodiwa Airbus kutoka kwa kampuni ya nje. Ndege hiyo ikakaa matengenezoni muda mrefu huku kodi yake ikihesabiwa, na deni likaiangukia Hazina. Disemba 2008 cheti cha kurushia ndege kikazuiliwa kwa ajili ya upungufu wa usalama, kikarudishwa baada ya majuma machache. Mwaka 2011 safari zikasimama miezi kadha, kwa kuwa ndege moja tu iliyokuwa ikiruka ilipelekwa Afrika Kusini kukaguliwa. Ndipo ikaja ile Aprili 2012.

Yatazameni matukio hayo kwa utaratibu wake. Hapana hata moja lililoamuliwa Kigoma, wala Tabora, wala Chake Chake. Shirika la ndege hufa kama nyumba isiyoezekwa: mvua ya mwaka huu huingia chumba kimoja, ya mwakani huingia viwili. Kwanza vipuri havinunuliwi kwa wakati; kisha safari za mbali hupunguzwa; kisha ndege mbili huwa moja, na hiyo moja ikipatwa na jambo hapana ya kushika nafasi yake. Mtu wa mwisho wa njia ndiye wa kwanza kuikosa ndege, na ndiye wa mwisho kuambiwa sababu.

Wako wasemao: basi waachiwe wafanya biashara. Hilo nalo limejaribiwa. Kampuni ya Fastjet iliingia Novemba 2012 kwa nauli rahisi, na watu wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Disemba 2018 safari zake zilisimama, madeni yakiwa juu yake na mamlaka ya usafiri wa anga imekwisha kutoa ilani ya kuifutia leseni. Mfanya biashara hufuata palipo abiria wengi, na hatumlaumu kwa hilo. Lakini haijuzu nchi kumwachia yeye peke yake amri ya nani afike hospitali na nani asifike.

Tangu 2016 Serikali imenunua ndege mpya za Q400, A220 na Boeing 787, na Kigoma ikapata tena ndege za shirika la nchi. Jambo jema huitwa jema, hata likitendwa na mpinzani wetu. Lakini wema wa kununua haufuti wajibu wa kuhesabu. Ndege hizo zilinunuliwa kwa jina la wakala wa Serikali, na shirika likatakiwa kuzikodi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameripoti khasara ya shilingi bilioni 35.2 katika mwaka wa 2021/22, bilioni 56.6 katika 2022/23, na bilioni 91.8 katika 2023/24. Baadhi ya khasara hiyo ilitokana na ndege za A220 kulazwa chini kwa ajili ya ubovu wa injini zake, na hilo si kosa la shirika. Lakini Disemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika katika orodha ya wasioruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti na Tanzania. Mwenye kukumbuka 2008 hawezi kuzisoma khabari hizi akalala usingizi.

Kwa hivyo twataka mambo manne, na twayataka wazi.

Kwanza, hesabu za shirika zitolewe kwa kila njia: Kigoma peke yake, Zanzibar peke yake, na safari za ng'ambo peke yake. Khasara ikijumlishwa pamoja, lawama hurushiwa njia za mbali hata kama khasara imetoka kwengine.

Pili, ikiwa ni shauri la Serikali kwamba Kigoma na Pemba zihudumiwe hata pasipo faida, basi gharama yake ipigiwe kura katika bajeti na ilipwe kwa jina lake. Msaada uliofichwa ndani ya khasara hauna mwenyewe, na siku ya dhiki ndio wa kwanza kukatwa.

Tatu, kodi ya ndege na mikataba ya matengenezo ipelekwe mbele ya Bunge kabla ya kutiwa saini, si baada ya deni kuiva.

Nne, kwa kuwa deni ni la Muungano, Zanzibar iwe na sauti yake katika kuliongoza shirika, kwa haki iliyoandikwa na si kwa hisani. Hata mwaka 1946, chini ya ukoloni, sehemu yetu ilijulikana ni ngapi.

Ndugu wanachama, hatuwaombei mabaya wenye kuliendesha shirika hili. Likifa, ndugu yetu wa Mwandiga atarudi kupanga foleni ya gari la moshi na mgonjwa wake mgongoni, na sisi tutarudi kuitazama bahari. Twasema mapema kwa sababu paa huezekwa wakati wa kiangazi. Katika mikutano ya matawi mwezi huu, kila Katibu na alisome jambo hili mbele ya wanachama, na maazimio yao yaletwe ofisini yakiwa yameandikwa, ili wawakilishi wetu wayachukue kunako sauti. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu tumekwisha kuujenga mara mbili.