Tumbili wa Handeni na manyani wa Adili

Kuna baa moja Handeni, jina lake naliacha, yenye mwembe uani na tumbili chini ya mwembe. Amefungwa kiunoni kwa mnyororo wa mbwa, urefu wake hatua tatu hivi. Nyasi zote ndani ya hizo hatua tatu zimekwisha, pamebaki duara la udongo mkavu. Nilikaa pale karibu saa nzima na soda yangu, nikimsubiri mtu wa kuzungumza naye habari za bei ya mahindi. Muda wote ule tumbili alikuwa anakwenda kushoto, anapindua shingo, anarudi kulia, anapindua shingo. Akichoka anakaa, anajing'oa manyoya ya mkono. Mkono ulishabaki ngozi. Wateja wa meza ya pili wakawa wanacheka, eti anacheza singeli.

Nilimuuliza mwenye baa kama haoni kwamba mnyama wake ana shida. "Ndugu mwandishi," akaniambia, "huyu anakula kuliko mimi. Chipsi, ndizi, hata bia anaonja. Sasa anataka nini tena?"

Sikumjibu. Nilicheka kinyonge, nikalipa soda, nikaondoka. Nataka kumjibu leo, na najua kabisa kwamba yeye si msomaji wa ukurasa huu. Wasomaji wa hapa ni sisi tuliosoma vitabu, na ninavyoona sisi ndio wenye kesi kubwa zaidi.

Chukua *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii. Wengi wetu tulikisoma tukiwa watoto. Kila usiku Adili, liwali wa Janibu, anawachapa mijeledi manyani wawili, kisha anawalisha. Ikibali anayaona hayo kwa siri, anashtuka, habari inafika kwa Mfalme Rai. Na sisi wasomaji tunashtuka lini hasa? Tunapoambiwa kwamba manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili waliogeuzwa na jini. Hapo ndipo huruma inapata mahali pa kukaa. Wachambuzi wameshaonyesha kwamba kisa hiki kina jamaa yake katika *Alfu Lela Ulela*, ila kule wanaochapwa ni mbwa. Shaaban Robert akaweka manyani. Alichagua mnyama mwenye vidole na uso, mnyama anayekutazama ukimtazama, na bado darasani tulifundishwa kwamba kitabu kinahusu wivu na hasada tu. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyeuliza: na kama wangekuwa manyani kweli?

Basi tuulize. Tumbili wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku akihangaikia tumbo: anapekua majani, anamenya, anabandua magamba ya miti, anakamata panzi. Chakula kwake ni kazi na akili. Yule wa baa ameshiba saa tatu asubuhi. Hadi jua lizame amebakiwa na saa tisa, na hana hata kijiti cha kuvunja. Mwaka 1960 kule Gombe, Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka majani kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Dunia nzima ikalazimika kuandika upya maana ya mtu na chombo chake. Sisi, wenye nchi yenye Gombe, tunampa jamaa yake sahani ya chipsi tukidhani deni limekwisha.

Halafu kuna upweke, ambao kwangu ndio mzito zaidi. Tumbili ni mnyama wa kundi, na kutoana chawa ndiko kunakowashikamanisha. Pale Amboseli, ng'ambo tu ya mpaka, watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio tofauti ya hatari: wa chui, wa tai, wa nyoka. Wakisikia wa chui wanapanda mtini, wa tai wanatazama juu, wa nyoka wanasimama na kuchungulia nyasini. Sisi wapenzi wa lugha tungepaswa kulielewa hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Yule wa Handeni ana msamiati na hana wa kuzungumza naye. Akilia mlio wa nyoka, anamwambia nani? Dada wa kaunta?

Najua atakayenirukia ni mkulima, na ana haki. Nimekaa dunguni, shamba la bibi yangu nje ya Korogwe, nikipiga debe tangu alfajiri. Nyani wakiingia hawaulizi. Kuna watoto wanaokosa shule kwa ajili ya kuamia, na anayewaambia wazazi wao wawapende nyani ana shamba lake mitandaoni. Lakini mnyororo wa baa haujawahi kuokoa hindi hata moja. Tumbili wa mnyororo mara nyingi ni mtoto aliyekutwa kifuani kwa mama aliyeuawa shambani. Vita ya shambani ilishakwisha. Huyu ni mateka, na mateka anatunzwa, hachezeshwi singeli.

Na sheria ipo. Kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Marekani waliagiza mwaka 1985 kwamba hata nyani wa maabara wajaliwe ustawi wao wa nafsi, siyo chakula na usafi tu. Kwa karatasi tumekaa vizuri. Machi 2016 tumbili 61 walinaswa uwanja wa KIA wakisafirishwa kwenda Albania, na Mei mwaka huo serikali ikasimamisha biashara ya wanyamapori hai. Juni 2022 ikatangazwa ruhusa ya miezi sita kwa wafanyabiashara waliobaki na wanyama. Mitandao ikalipuka, Waziri Pindi Chana akaizuia haraka. Nami nililipuka pamoja nanyi. Lakini tulimlilia tumbili wa kupanda ndege. Wa baa tunampiga picha.

Dawa yenyewe siyo ghali. Kwanza afisa wanyamapori wa wilaya apewe taarifa, kwa sababu kumfungua kienyeji tumbili aliyekulia kwa watu kunaweza kuwa kumuua kwa njia nyingine. Kuna waliorudi, ndiyo: kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka Ulaya waliachiwa kisiwa cha Rubondo, na kizazi chao kipo hadi leo. Wengine hawawezi, kama sokwe yatima wanaotunzwa Ngamba, Uganda, tangu 1998. Lakini hata hao wana msitu wa kushinda na wenzao wa kugombana nao. Kwa asiyeweza kurudi, apatiwe banda lenye matawi, na mwenzake. Punje za mahindi zifichwe kwenye majani makavu azitafute mwenyewe. Gogo litobolewe, lipakwe asali ndani, apewe vijiti. Fundi yeyote wa Korogwe anaimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Mwezi uliopita nilipita tena pale. Mnyororo ulikuwepo mwembeni, na sufuria lake pembeni. Nikamuuliza dada wa kaunta.

"Alikufa kipindi cha mvua, kaka. Bosi amesema tutaletewa mwingine, mahindi yakianza kukomaa."