Dawa Moja, Sheria Mbili

Busia ni mji mmoja kwa jina, lakini mpaka umeukata: upande huu Uganda, upande ule Kenya. Jamaa za askari walio zamu Tororo huvuka hapo, au Malaba, wakatafuta bidhaa za bei nafuu. Kwa sukari na sabuni hatuna la kuwaambia. Kwa dawa tunalo.

Dawa, hata iwe nzuri namna gani, huuzwa kwa idhini ya nchi inamouzwa. Kenya hufuata Sheria ya Famasia na Sumu, iliyoanza kutumika mwaka 1957, siku za ukoloni, na kurekebishwa mara nyingi baadaye. Bunge hutunga sheria yenyewe, lakini haliwezi kuketi kila dawa mpya inapozuka. Kwa hiyo Bodi ya Famasia na Sumu huandaa orodha, naye Waziri huithibitisha kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Neno "sumu" lisimtishe mtu: ndilo jina la kisheria la dawa nyingi za kawaida zinazotaka uangalifu.

Uganda ilitunga sheria yake mwaka 1993, ikaunda Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Mamlaka hiyo husajili dawa, hutoa leseni kwa waagizaji na wauzaji, na hutuma wakaguzi. Famasi yenye mfamasia huuza dawa za cheti cha daktari. Duka dogo la dawa limepewa ruhusa finyu zaidi. Hivyo basi, kidonge kilichosajiliwa Nairobi hakipati haki ya kuuzwa Tororo kwa sababu tu kimevuka lango.

Wapo wanaodhani kwamba kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kiliondoa tofauti hiyo. Kilipunguza foleni, sheria za dawa zilibaki mbili. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na mpango wa kulinganisha taratibu, na wataalamu wa nchi wanachama huzichunguza baadhi ya dawa kwa pamoja, ila kila nchi bado husajili kivyake. Kazi hiyo yafaa iharakishwe, kwani mchuuzi wa dawa bandia hangoji mkutano wa Arusha.

Mama anayenunua vidonge vya mtoto mwenye homa na aulize leseni iliyotundikwa ukutani, asome jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha adai risiti. Vidonge vilivyofungwa katika karatasi tupu havina mwenyewe: mtoto akizidiwa, daktari hatajua alimeza nini, wala mkaguzi hatajua amwandame nani.

Iko pia pakiti yenye alama ya Serikali ya Uganda na maneno ya kukataza isiuzwe. Ikionekana dukani, huenda imetoka katika zahanati ambako mgonjwa aliambiwa dawa zimekwisha. Habari zake zipelekwe kwa mkaguzi wa dawa au kituo cha polisi kilicho karibu, pamoja na pakiti yenyewe.