Bwana Msa Hakuwa na Dada?

Usiku ukungu unaposhuka Nainokanoka kutoka Olmoti, najifunika blanketi mbili na kutazama Crime and Justice niliyoipakua nikiwa Karatu. Mpelelezi Makena, anayeigizwa na Sarah Hassan, anauliza, anakosea, anarudi kuuliza tena. Binamu yangu anacheka: "Mambo ya Wazungu hayo. Mwanamke gani anasaka wauaji?"

Tamthilia yenyewe ni ya Kenya, ya mwaka 2021. Lakini kicheko chake nakijua, kimo hata kwenye rafu zetu za vitabu. Tangu Muhammed Said Abdulla atupe Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, wapelelezi tunaowataja ni wanaume: Msa, Willy Gamba wa Musiba, Joram Kiango wa Mtobwa. Nuru wa Mtobwa ana akili na ujasiri, ila riwaya tunaziita za Joram. Wanawake wengine wengi ni chambo, au maiti ya sura ya kwanza.

Mwaka juzi mbuzi wetu wawili walitoweka. Wanaume wakaitisha kikao. Yeyo wangu akainama kwenye tope, akafuata kwato, akawahoji watoto, akakumbuka nani hakuonekana mtoni asubuhi ile. Kabla ya jua kuzama alishamjua mwizi. Kikao kikamshukuru mjomba.

Ndiyo maana Makena ananikosha: namwona yeyo akiwa na kitambulisho cha kazi. Nanyi mnaoandika, tupeni riwaya ambamo mama anaingia kikaoni na ushahidi wake, na shukrani anapewa yeye.